Ukoma na Macho: Jicho Lisilouma Nalo Lichunguzwe



Tukisikia neno ukoma, wengi wetu tunafikiria vidole vya mikono na miguu. Macho tunayasahau. Katika toleo hili tunaeleza jinsi ugonjwa huu unavyoyadhuru na nini tunaweza kufanya.

Vijidudu vya ukoma hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mshipa mmoja wa usoni huendesha misuli ya kufumba kope. Ukidhoofika, jicho hubaki wazi hata usingizini, likakauka na kuingiwa na vumbi. Mshipa mwingine hulipa jicho hisia. Ukiharibika, mgonjwa hasikii mchanga ulioingia, wala hapepesi macho inavyotakiwa. Kidonda hutokea sehemu angavu ya mbele ya jicho bila maumivu, na kikipona huacha kovu jeupe linalozuia kuona.

Wengine hupata uvimbe ndani ya jicho. Jicho huwa jekundu, huuma na kuchukia mwanga. Hiyo ni dharura.

Asiyeona kwa sababu nyingine husaidiwa na mikono yake: hupapasa njia, hutambua chakula na nguo. Aliyeugua ukoma mara nyingi ana ganzi mikononi pia. Akipoteza macho, anapoteza karibu kila kitu cha kumwongoza.

Dawa mseto hutolewa bure kwa miezi 6 au 12, nayo huua vijidudu. Lakini hairudishi mishipa iliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana mtu aliyemaliza dawa anaweza kupofuka miaka mingi baadaye. Udhaifu wa kope ambao haujafikisha miezi 6 una nafasi nzuri ya kutibika kwa vidonge vya prednisoloni, kwa hiyo kuwahi ni muhimu.

Tunaziomba kamati ziwatembelee wote waliowahi kutibiwa ukoma, kwa ridhaa yao, na kufanya haya:

1. Mwombe afumbe macho taratibu kama anayelala. Weupe wa jicho ukionekana, apelekwe kituo cha afya.
2. Simama umbali wa mita 6, umwonyeshe vidole, jicho moja baada ya jingine. Akishindwa kuvihesabu, aonwe na mtaalamu wa macho.
3. Mfundishe kujitazama kwenye kioo kila siku, kupepesa macho mara kwa mara, kutoyasugua, kuvaa kofia pana au miwani mchana, na kuyafunika kwa kitambaa safi usiku.
4. Jicho likiwa jekundu, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haliumi.

Kwa wafadhili wetu: kioo kidogo, miwani ya jua na nauli ya basi ni vitu vya gharama ndogo. Wachache watahitaji upasuaji wa kusaidia kope kufumba, au wa kuondoa mtoto wa jicho. Mchango wenu ukifika mapema, unalinda jicho ambalo bado linaona.