Kupiga Picha Sayari ya Mshtarii na Miezi Yake: Anga ya Hola na Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Mnamo Januari 1610, Galileo Galilei alielekeza darubini yake kwenye Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua, akaona kando yake vijinyota vilivyobadilisha mahali kila usiku. Vijinyota hivyo vilikuwa miezi minne ya sayari hiyo: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Leo miezi hiyo inaweza kupigwa picha uani kwa darubini ndogo na simu ya mkononi. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanyika mjini Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, na jinsi ya kuiandika kwa Kiswahili kisichotatanisha.

Mahali

Hola iko takribani nyuzi 1.5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Mshtarii inapofika kileleni, huwa zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, mwaka wowote ule. Jijini London kuna miaka ambayo haifiki hata nyuzi 20. Sayari inapokuwa juu, nuru yake hupenya hewa chache, na picha huwa safi zaidi.

Hata hivyo, baadhi ya darubini zinazoifuata sayari kwa mota huwa na mhimili unaolengwa kwa kutumia Nyota ya Kaskazini, na nyota hiyo haionekani Hola. Stendi ya kawaida, inayozungushwa kwa mkono, inafaa zaidi. Ni vyema kupiga picha kabla sayari haijafika utosini, kwani hapo stendi hiyo huwa ngumu kuelekezwa. Aidha, ardhi iliyochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto jioni, na sura ya sayari hutetema kana kwamba iko chini ya maji. Subira ya saa chache huleta nafuu.

Hatua za kupiga picha

Kwanza, simu hufungwa kwenye lenzi ya kutazamia. Pili, badala ya picha moja, hurekodiwa video ya dakika moja au mbili, kisha programu ya kompyuta huchagua picha zilizo wazi na kuzipandanisha. Video isiwe ndefu mno, kwa kuwa Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, na mistari yake huanza kufifia pichani.

Tatu, mwanga hupimwa mara mbili. Mwanga unaoonyesha mistari ya sayari huificha miezi, na ule unaoidhihirisha miezi huigeuza sayari kuwa doa jeupe. Picha hizo mbili zikiunganishwa, sharti jambo hilo litajwe, la sivyo picha hukoma kuwa ushahidi.

Lugha ya kumbukumbu

Io huizunguka Mshtarii kwa takribani saa 42, na Callisto kwa siku zinazokaribia 17. Picha za usiku mmoja hazitoshi. Lazima ziwekwe katika mfululizo wenye tarehe na saa. Hapa ndipo lugha inapohitaji uangalifu. Kwa hesabu ya jadi ya Waswahili, siku huanza jua linapotua. Hivyo "usiku wa Jumapili" waweza kuwa ule ambao kalenda ya ofisini huuita Jumamosi. "Usiku wa kuamkia Jumapili, saa tatu" huondoa shaka. Vivyo hivyo, "miezi minne ya Mshtarii" ni magimba ya angani, ilhali "miezi minne ya kuichunguza Mshtarii" ni muda.

Hitimisho

Mshtarii, Zohali, Zuhura na Mirihi ni majina yaliyomo katika Kiswahili tangu zamani, na darubini imekwisha kutofautishwa na hadubini. Istilahi za msingi zipo. Mwanafunzi wa Hola atakayeandika kumbukumbu zake kwa usahihi, usiku baada ya usiku, atakuwa ameithibitishia sayansi kwamba lugha hii inaweza kubeba ushahidi wake.