Programu ya maktaba ijue majina yote ya utendi

Maktaba inapoteua programu ya kuhifadhi na kuonyesha miswada ya kale kidijitali, aghalabu hutazama bei na urembo wa kurasa. Hilo halitoshi. DSpace, iliyozinduliwa mwaka 2002, na Omeka hupatikana bila malipo. Zote hupokea herufi za Kiarabu na zina nafasi ya jina mbadala la kazi. Nafasi hiyo si jambo dogo. Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali. Mkutubi akisajili jina moja tu, mtafiti anayesaka lile jingine ataambiwa eti hakuna kitu, kumbe mswada upo! Basi ijaribuni programu kwa majina yote kabla ya kuiteua.