Gari Jipya, Usukani Unavuta: Kabla Hamjagombana, Someni Hapa

Sio siri, gari la kwanza ndani ya ndoa ni kama mtoto wa kwanza. Linapigwa picha, linaoshwa kila Jumamosi, majirani wanaitwa kulitazama. Halafu siku moja usukani unaanza kuvuta kushoto. Mnakwenda kufanya alaimenti, mnalipa, linanyooka. Wiki tatu baadaye, kushoto tena! Mara ya tatu mada siyo gari, ni nyinyi wawili: "Wewe ndiye uliyelipigiza kwenye tuta." "Mimi? Na Jumapili nani alikwenda nalo kwa dada yake?"

Chukulia mnaishi Ipole, wilayani Sikonge, pale njia inapogawanyika: huku Mpanda, kule Rungwa na Mbeya. Enzi za vumbi na mashimo, nani angegundua gari linavuta? Yote yalikuwa yanayumba. Sasa Tabora hadi Mpanda ni lami na mguu unakuwa mzito. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukigeuka sekunde mbili kumtuliza mtoto siti ya nyuma, umeshapita mita 44, na gari linalovuta halikusubiri. Kushoto kuna mtaro, kulia kuna lori la tumbaku. Hapo suala siyo pesa tu.

Alaimenti siyo dawa

Mashine ya alaimenti inapima jinsi magurudumu yalivyoelekea na yalivyoinama, fundi anarekebisha. Basi. Kama kinachoshika gurudumu kimelegea, atakinyoosha leo na matuta yatakirudisha kesho. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mzegazega kwenye njia za misafara walilijua hili: mzigo ukilemea upande mmoja wa mti, kumwambia mtu atembee wima hakusaidii. Unatua, unaangalia mzigo.

Anzeni na vya bure

Upepo kwanza. Pimeni tairi zikiwa za baridi, mfuate namba zilizo kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Tairi moja ya mbele ikiwa na upepo kidogo, gari huvutwa upande huo.

Pili, barabara. Lami nyingi huinuliwa katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo kuteleza kidogo kushoto ni kawaida. Jaribuni sehemu tambarare isiyo na magari.

Tatu, badilishaneni tairi za mbele, ya kushoto iende kulia, kama siyo zile zenye mshale wa mwelekeo. Gari likianza kuvuta kulia, mchawi ni tairi. Nne, baada ya safari sogezeni kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, huenda breki inashika.

Bado linavuta? Muone fundi

Kabla hajawasha mashine, mwambie anyanyue gari akague bushi, boljointi, vichwa vya tairodi na beringi. Mwambie pia kila tairi inalika wapi: ukingo wa ndani, wa nje, au kwa meno kama ya msumeno. Apime magurudumu yote manne, na akupe karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kama hana karatasi, utajuaje amefanya nini?

Hapa wengi ndipo tunapopigwa. Kwenye gari ndogo nyingi, kama Vitz na IST, ekseli ya nyuma haina pa kurekebisha, na mwinamo wa magurudumu ya mbele haurekebishwi kirahisi. Kipimo cha hapo kikikataa, kuna kitu kimepinda au kimechoka. Kulipia alaimenti ya nne hakutakinyoosha.

Na tuambiane ukweli, "jipya" kwa wengi wetu ni lile lililotumika Japani. Tafuteni karatasi yake ya mnada. Alama ya R au RA maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kama mmelinunua jipya kabisa na lina dhamana, lirudisheni kwa muuzaji kwa maandishi kabla fundi wa mtaani hajafungua nati hata moja.

Daftari la gari

Wekeni daftari dogo ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichofanyika, kilicholipwa. Kutoka Ipole hadi gereji za Tabora mjini ni mafuta na siku nzima ya kazi, kwa hiyo msiende na hasira, nendeni na kumbukumbu. Fundi mwenye historia mkononi habahatishi, na nyinyi hamtarushiana lawama.

Na ikigundulika ni bushi iliyochoka tangu Japani, basi mmoja wenu ana kazi ya kuomba msamaha. Tuta la Jumapili lilisingiziwa.