Petroli au Dizeli: Gari Gani Kuukuu Linakula Mafuta Kidogo?

Tuseme kijiji chenu kimechanga fedha. Mnataka gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali wakati wa masika, na la kubeba mazao. Gari jipya hamliwezi. Mnaonyeshwa Land Rover mbili kuukuu. Moja inatumia petroli, nyingine dizeli. Ile ya petroli bei yake ni ya chini.

Mkutano unagawanyika. Huyu anasema, "Tuchukue ya petroli. Ina mbio, na fundi wake yuko kila mahali." Yule anajibu, "Hapana bwana, petroli itatumaliza! Dizeli haili sana." Nani amesema kweli? Kila mmoja ana nusu ya kweli. Tuangalie pole pole.

INJINI ZINAVYOFANYA KAZI

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, zote za petroli. Injini ya dizeli iliongezwa mwaka 1957. Zile za Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, zilikuwa na injini za petroli na za dizeli zenye ukubwa sawa, yaani lita 2 na robo. Ukubwa ni sawa, lakini ulaji si sawa. Kwa nini?

Katika injini ya petroli, kabureta huchanganya petroli na hewa. Mchanganyiko huo huingia ndani ya silinda. Pistoni huubana mara 8 hivi, kisha plagi hutoa cheche na petroli huwaka.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche wala kabureta. Pistoni hubana hewa tupu mara 23 hivi. Umewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo? Huwa ya moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya injini ya dizeli joto hilo ni kali sana. Nozeli ikinyunyiza dizeli, inawaka yenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel ndiye aliyefanikisha injini ya namna hii mwaka 1897, na jina lake likabaki mpaka leo.

Kubana sana kuna faida. Joto la mafuta hugeuka kuwa kazi nyingi zaidi, na linalopotea bure hupungua. Tena, gari la petroli likienda pole pole, njia ya hewa hufungwa kidogo, na injini huhangaika kuvuta hewa. Dizeli haina taabu hiyo.

Sababu ya tatu ni mafuta yenyewe. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Lita moja ya dizeli ina gramu 840 hivi. Kwa hiyo katika lita moja, dizeli ina joto zaidi.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Land Rover ya petroli inakwenda kilometa 6 kwa lita moja. Ya dizeli inakwenda kilometa 8. Kwenda hospitali ya wilaya na kurudi ni kilometa 120.

Petroli: 120 ÷ 6 = lita 20.
Dizeli: 120 ÷ 8 = lita 15.

Dizeli imeokoa lita 5 kwa safari moja. Safari 4 kwa mwezi ni lita 20. Kwa mwaka ni lita 240.

Sasa, tuseme bei ya mafuta yote mawili ni sawa, na gari la dizeli limezidi bei kwa thamani ya lita 480. Mtazirudisha fedha hizo kwa miaka 2. Lakini kama gari linasafiri mara moja tu kwa mwezi, mtaokoa lita 60 kwa mwaka. Hapo mtangoja miaka 8! Basi gari la safari nyingi na mizigo, dizeli inafaa. Gari la safari chache, petroli huenda ikafaa zaidi.

Msisahau matengenezo. Pampu ya dizeli na nozeli zikiharibika, gharama ni kubwa, na si kila fundi anaziweza. Ukarabati mmoja unaweza kumeza akiba ya mwaka mzima. Tena dizeli chafu, yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa, huua pampu upesi.

PIMA MWENYEWE

Usikubali maneno ya muuzaji. Fanya hivi:

1. Jaza tangi mpaka shingoni. Andika namba ya kilometa iliyo kwenye dashibodi, kwa mfano 45,210.
2. Endesha gari katika barabara zenu za kila siku.
3. Jaza tena mpaka shingoni. Andika lita zilizoingia, kwa mfano 40. Soma namba tena: 45,450.
4. Toa: 45,450 – 45,210 = kilometa 240.
5. Gawanya: 240 ÷ 40 = kilometa 6 kwa lita.

Angalia pia kama dashibodi inasoma maili. Maili 1 ni kilometa 1.6.

GARI LINAKULA KUPITA KIASI?

Dizeli ikitoa moshi mweusi, mafuta hayaungui vizuri. Tazama filta ya hewa, kisha nozeli. Petroli ikiacha masizi meusi kwenye plagi, kabureta inamwaga mafuta mengi mno. Magari yote mawili hula sana kama tairi hazina upepo wa kutosha au breki zinashika. Gari likisimama kungoja abiria, zima injini.

Na jambo la hatari: usiweke petroli ndani ya nyumba. Mvuke wake hushika moto hata kwa cheche ndogo.

Mwisho, wekeni daftari ndani ya gari. Dereva aandike tarehe, kilometa na lita kila anapojaza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku mgonjwa anapolia usiku, gari lisikutwe halina mafuta.

MASWALI

1. Dizeli inawakaje bila cheche?
2. Gari limekwenda kilometa 180 kwa lita 20. Limekwenda kilometa ngapi kwa lita moja?
3. Kijiji chenu kingefanya safari ngapi kwa mwezi? Mngechagua gari gani? Toeni sababu.