Parachichi: Lishe kwa Kaya za Karatu na Ngorongoro, Tahadhari kwa Mifugo

Kilimo hakiruhusiwi ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959. Kwa sababu hiyo, parachichi linaloliwa na familia ya mfugaji wa huko limenunuliwa nje ya hifadhi, mara nyingi katika mji wa Karatu, ambao ni mji wa mwisho kabla ya lango la Loduare. Katika viunga vya nyumba za Karatu, hususan maeneo ya juu yenye ubaridi, mparachichi ni mti uliozoeleka, na tunda lake huchukuliwa na wengi kama kitu cha kawaida mno kupewa uzito mezani.

Asili ya tunda hili ni Meksiko na Amerika ya Kati, ambako limeliwa kwa maelfu ya miaka. Aina ya Hass, inayotafutwa zaidi katika soko la kimataifa, ilitokana na mche mmoja uliootesha bahati: ulipandwa California, Marekani, na tarishi wa posta aliyeitwa Rudolph Hass, ambaye alipata hataza yake mwaka 1935. Miche yote ya Hass iliyobebeshwa, ikiwemo inayopandwa nchini, ina asili katika mti huo.

Kilishe, parachichi halifanani na matunda mengine. Embe na ndizi mbivu hutoa nishati kupitia sukari, ilhali gramu 100 za parachichi zina sukari isiyofika gramu 1. Nishati yake, takriban kilokalori 160, hutokana hasa na mafuta, karibu gramu 15, ambayo sehemu kubwa ni ya aina ile inayopatikana katika mafuta ya mzeituni na ni rafiki kwa moyo. Kiasi hicho kina pia nyuzinyuzi karibu gramu 7 na madini ya potasiamu karibu miligramu 485, pamoja na foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji.

Faida isiyosemwa sana ni ile inayopatikana parachichi linapoliwa pamoja na mboga. Mnafu, mchicha na karoti vina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini viini hivyo hufyonzwa vyema penye mafuta. Vipande vichache vya parachichi kando ya ugali na mnafu huongeza thamani ya mboga yenyewe. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kupewa likiwa limepondwa, huku akiendelea kunyonya. Hata hivyo, parachichi lina protini na madini chuma kidogo, hivyo haliwezi kuchukua nafasi ya maharage, maziwa au nyama. Mgonjwa wa figo aliyeshauriwa kupunguza potasiamu amuulize kwanza mtaalamu wa afya.

Kwa mkulima, suala kubwa ni muda wa kuchuma. Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini na kuiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa husinyaa, hubaki kama mpira na mafuta yake huwa hafifu. Mlaji aliyeuziwa tunda la namna hiyo harudi kwa muuzaji yule yule. Tangu Tanzania iliposaini na China makubaliano ya kuuza parachichi mwezi Novemba 2022, ukomavu na usafi wa tunda ni masharti ya soko, si hiari ya mchumaji.

Jambo la mwisho linawahusu wafugaji wa wilaya zote mbili. Majani, magome na mbegu za mparachichi vina kemikali iitwayo pesini, isiyo na madhara yanayojulikana kwa binadamu anayekula nyama ya tunda, lakini ni sumu kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe, farasi na ndege wafugwao. Mnyama anayenyonyesha huvimba kiwele na maziwa kukatika. Akila kwa wingi, moyo huathirika na anaweza kufa. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe zizini wala kutumika kama malisho wakati wa kiangazi, na miche izungushiwe uzio. Mnyama aliyekula majani hayo aondolewe mara moja eneo hilo, na Afisa Mifugo wa kata aarifiwe kabla dalili hazijaonekana.