Je, Wajua? Forodha Nayo Huunda Magari

Tumezoea kusema gari huundwa kiwandani. Ukweli nusu yake huamuliwa mezani kwa watu wa kodi: ukubwa wa injini, idadi ya viti, hata lile bati lililokaa mahali pa dirisha. Haya ni machache kati ya mengi ambayo ushuru umeyafanyia magari, na watu wanaoyanunua.

Kuku aliyepandisha bei ya pikapu

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa kisasa kutoka Marekani walikuwa wamejaa sokoni Ujerumani Magharibi, tena kwa bei ya kutupa. Wafugaji wa Ulaya wakapiga kelele, na mwaka 1962 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zikapandisha ushuru wa kuku. Mazungumzo yakagonga mwamba. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu mapigo kwa ushuru wa asilimia 25 juu ya vitu vinne ambavyo ukivisikia pamoja utadhani ni orodha ya duka la mtaani: brandi, wanga wa viazi, dekstrini, na magari madogo ya mizigo. Hayo magari yaliwekwa kwa ajili ya Volkswagen, ambayo pikapu na vani zake zilikuwa zimeanza kupendwa na mafundi wa Marekani.

Ugomvi wa kuku ulikwisha zamani. Ushuru wa pikapu haukuondoka. Kwa miongo mingi sedani kutoka nje ilitozwa asilimia 2.5 tu Marekani, huku pikapu ikitozwa mara kumi ya hiyo. Kampuni za Detroit zikabaki na soko la pikapu karibu peke yao, na pikapu ikawa gari linalowaletea faida nono kuliko mengine. Mjapani aliyetaka kuuza pikapu kule ilibidi aende kujenga hukohuko: gari la kwanza kutoka kiwanda cha Nissan cha Smyrna, Tennessee, mwaka 1983, lilikuwa pikapu.

Viti vilivyozaliwa ili vikasagwe

Ukiweka ushuru mkubwa upande mmoja na mdogo upande wa pili, wahandisi watakesha kutafuta mlango wa katikati. Subaru iliupata mwaka 1978. Pikapu yake ndogo, BRAT, ilifungwa viti viwili vya plastiki nyuma kabisa, kwenye bodi ya mizigo, juani na upeponi, vikitazama gari linalokufuata. Kwa viti hivyo ikahesabiwa gari la abiria. Rais Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na BRAT shambani kwake California.

Mercedes-Benz ilipita njia nyingine. Vani za Sprinter zilizokwisha kuundwa Ujerumani zilifunguliwa tena, injini na vifaa vikapakiwa mbali na mabodi, vyote vikasafirishwa hadi South Carolina, na mafundi wa kule wakaunganisha upya gari ambalo jana yake lilikuwa zima. Ajira zilipatikana, hilo hatukatai. Ila ni ajira ya kurudishia kilichobomolewa kwa makusudi.

Lakini hakuna aliyewazidi Ford, kampuni ya Kimarekani inayokwepa ushuru wa Kimarekani. Kuanzia mwaka 2009 iliingiza vani ndogo za Transit Connect kutoka kiwanda chake cha Uturuki. Kila moja ilishushwa bandarini Baltimore ikiwa na viti vya nyuma, mikanda na madirisha, na karatasi zake zikasema ni gari la abiria. Ikishapita forodha tu, viti vikang'olewa, mikanda ikafunguliwa, sakafu ya nyuma ikafunikwa, vioo kwenye vani nyingi vikabadilishwa kwa bati. Viti vipya, ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvikalia, vikapelekwa kusagwa. Mwaka 2013 maofisa wa forodha wakasema imetosha. Kesi ikapanda mahakama hadi mahakama, Ford ikashindwa kwenye rufaa mwaka 2019, na mwaka 2024 ikakubali kulipa dola milioni 365 kuyamaliza.

Na viti vile nani alivilipia? Mwenye duka la maua aliyenunua vani hiyo. Gharama ya kukwepa ushuru ilikuwa ndogo kuliko ushuru wenyewe, lakini haikuwa bure.

Kwa nini Vitz ina cc 996?

Soma tangazo lolote la gari Dar es Salaam au Nairobi: cc 996, cc 1,496, cc 1,998. Mbona hakuna injini inayofika namba kamili? Jibu liko Japani. Kodi ya kila mwaka ya kumiliki gari kule hupanda kwa ngazi: hadi lita 1, hadi lita 1.5, hadi lita 2, na kuendelea. Mtengenezaji husimama nywele moja chini ya ngazi, na injini zikazaliwa na vipimo hivyo.

Ile Suzuki Carry ambayo Tanzania tunaiita kirikuu ni mtoto wa sheria hizohizo. Japani ina daraja la magari madogo yanayopewa nafuu ya kodi ilimradi injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4 na upana mita 1.48. Kirikuu inayopenya vichochoro vya Kariakoo na magunia ya vitunguu ilipimwa na watunga kodi wa Tokyo, ambao hawakuwa na habari na vitunguu vyetu.

Magari hayo yakifika kwetu yanakutana na ngazi nyingine zinazofanana na zile. Tanzania ushuru wa bidhaa haugusi injini isiyozidi cc 1,000, unakuwa asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Kenya ngazi muhimu ni cc 1,500: isiyozidi hapo asilimia 20, zaidi ya hapo 25, na injini kubwa kabisa 35. Ukijiuliza kwa nini Probox na Fielder za cc 1,496 zimejaa barabara za Kenya, anza na hapo.

Hesabu ya uchakavu

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Tanzania hushtuka, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Tuseme forodha imelithamini gari lako shilingi milioni 10, pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Ni Vitz ya cc 996, ina miaka 12.

Ushuru wa forodha, asilimia 25: milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: sifuri, nawe unatabasamu. Kisha unakuja ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, na hautozwi juu ya ile milioni 10 bali juu ya milioni 12.5, ushuru wa kwanza ukiwamo. Hiyo ni milioni 3.75. Mwisho VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya vyote vilivyotangulia: milioni 2.925. Bila kugusa tozo ndogondogo wala usajili, umelipa milioni 9.175. Ni kama umeinunulia serikali gari la pili.

Sasa badilisha umri tu. Thamani ileile, injini ileile, gari lina miaka 7: uchakavu hakuna, na kodi yote inashuka hadi milioni 4.75. Rudi kwenye miaka 12 lakini uchukue Harrier, ile mtaani inayoitwa tako la nyani, ya cc 2,362: kodi inafika milioni 10.65. Yaani mzee wa injini kubwa amemzidi mzee wa injini ndogo kwa milioni 1.475, wakati umri peke yake umeongeza zaidi ya milioni 4. Mtaani watu hubishana cc usiku kucha. Kinachowakamua ni mwaka wa kutengenezwa.

Bila shaka gari la miaka 7 halipatikani Japani kwa bei ya lile la miaka 12, na ndiyo sababu wengi wanalipa uchakavu huku wakiujua. Nia ya tozo hiyo ni kuzuia nchi isiwe jaa la mikweche, na nia hiyo si mbaya. Lakini ukiangalia nani anayeilipa, ni yule ambaye mfuko wake haukufika kwenye gari jipya zaidi.

Usidhani pia kuwa risiti yako ya mnada itasaidia sana. Mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika, na mtu yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti yao, akaandika aina, mwaka na injini, akaona kodi kabla hajatuma hata senti Japani. KRA, wenzao wa Kenya, nao huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kwa umri. Ukipata bahati ya bei ya chini, bahati hiyo ni yako na muuzaji, forodha haimo.

Miaka 8, na pilikapilika za Desemba

Kenya haikujisumbua na uchakavu: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Kwa hiyo lililosajiliwa mara ya kwanza 2018 lilikuwa halali hadi siku ya mwisho ya 2025, na kuanzia 1 Januari 2026 lilihesabika limepitwa. Meli ikichelewa, mwenye gari ana kesi. Ndiyo maana mwisho wa mwaka waagizaji wa Mombasa hawalali. Uganda imeweka mstari kwenye miaka 15 tangu 2018, Tanzania haikufunga mlango, na hivyo gari lilelile katika mnada uleule wa Japani lina wateja tofauti kwa kutegemea siku yake ya kuzaliwa.

Je, sheria hizo zinalinda ajira? Kenya ina karakana za kuunganisha magari Thika, Mombasa na Nairobi, na vifaa vinavyoingia vikiwa vipande vimepewa nafuu kubwa ya ushuru. Malori na mabasi yanatoka hapo kwa wingi. Magari madogo ndiyo shida, kwa sababu mpinzani wao si gari jipya kutoka nje bali mtumba wa Japani. Ukimbana mtumba, mfanyakazi wa Thika anapumua. Ila mtumba nao una watu wake: wakala wa forodha, mwenye yadi, fundi wa gereji, muuza spea, na yule dereva wa IT, yaani magari ya kupita tu, anayelitoa gari Dar es Salaam na kulifikisha Tunduma likielekea Zambia au Lubumbashi. Hawa hawana geti moja wanalotokea saa kumi na moja jioni ili waziri apigwe picha nao, kwa hiyo kwenye hotuba za ajira mara nyingi hawahesabiwi.

Afrika Kusini iliamua mapema: magari yaliyotumika hayaruhusiwi kuingizwa kuuzwa nchini, ili viwanda vyake vipumue. Bado bandari ya Durban hushusha mitumba ya Japani, lakini ni ya kupita tu kwenda kwa majirani.

Ajira moja kwa dola 160,000

Mwaka 1981 Marekani iliibana Japani ikubali "kwa hiari" kutouza kule zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Wajapani walifanya ambalo muuza duka yeyote angefanya: kama idadi ina kikomo, uza ghali. Magari yao yakaongezwa ukubwa na vikorombwezo, bei ikapanda, na kampuni za Detroit nazo zikapandisha za kwao. Mchumi Robert Crandall wa taasisi ya Brookings alikadiria kuwa kila ajira iliyookolewa iliwagharimu wanunuzi kama dola 160,000 kwa mwaka. Chapa za kifahari za Wajapani zikafuata: Acura ilianza 1986, Lexus na Infiniti 1989. Kwa hiyo kikomo kilichowekwa kuikinga Detroit kilimsukuma Mjapani hadi kwenye soko la matajiri, ambako hakuwa na mpango wa haraka wa kufika.

Upande wa pili wa mizani iko Australia. Katikati ya miaka ya 1980 ushuru wake ulikuwa asilimia 57.5. Ulishushwa polepole hadi 5 ilipofika 2010. Ford ilifunga kiwanda Oktoba 2016, Toyota na Holden Oktoba 2017, na leo bara zima halina kiwanda cha magari ya abiria.

Kuanzia 3 Aprili 2025 Marekani ilitoza magari kutoka nje asilimia 25 nyingine juu ya ile 2.5. Baadaye Japani ikajadiliana hadi 15, na Uingereza ikapata asilimia 10 kwa magari 100,000 ya mwanzo kila mwaka. General Motors, kampuni ya nyumbani, ilisema ushuru uliipunguzia faida dola bilioni 1.1 katika robo moja ya mwaka huo, kwa kuwa magari yake mengi hutoka Mexico, Kanada na Korea Kusini.

Ethiopia ndiyo imeenda mbali kuliko majirani zake. Mwanzoni mwa 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Ya umeme ushuru wake ni asilimia 15 yakija mazima, 5 yakija nusu, na sifuri yakija vipande vya kuunganishwa.

Na Japani yenyewe, ambayo kila mtu anaizungushia uzio? Ushuru wake wa forodha kwa magari kutoka nje ni sifuri tangu 1978. Wamarekani wamelalamika miaka yote kwamba hawauzi kule kwa sababu ya ukaguzi na masharti mengine. Lakini mwaka 1988 magari yaliyotengenezwa Ohio yalianza kushushwa Japani, usukani ukiwa upande wa kushoto. Yalikuwa Accord za Honda.