Watoto Wawili, Dirisha Moja la Treni

Mama akipanda treni ya SGR ya asubuhi pale Syokimau na watoto wawili, burudani imeshaanza. Mmoja anahesabu stesheni: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, na kila kitu anauliza ni pesa ngapi. Mwingine anangoja tu ndovu wa Tsavo, na soda yake iliisha hata Athi River haijafika. Tumbo moja, tabia mbili! Ndiyo raha ya safari.

Sisi tunaona hapo pia pana somo la pesa. Kabla ya kuondoka, mtengee kila mtoto hela ya vitafunio, tuseme shilingi 300. Ukilipa kwa simu, yule mhesabuji akusomee jina la muuzaji na kiasi kabla hujathibitisha. Yule mwenye haraka angoje meseji ya malipo. PIN lakini ni yako pekee. Ukiibonyeza, wote waangalie dirishani.

Mkifika Voi, mmoja atakuwa na 200, mwingine sufuri. Usiwalinganishe, na usimwongezee. Heri hela iishie Voi leo kuliko mshahara kuisha tarehe tano akiwa mkubwa.